Kabla hatujakwenda Ightham Mote

Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, habari za jioni.

Nimeombwa niseme machache kabla ya safari yetu ya Jumamosi. Wengine mmeniuliza kwa nini tukodi basi zima kwenda kutazama nyumba ya zamani ya watu wengine, ilhali London hapa majumba ya zamani yamejaa kila mtaa. Nitajibu kwa kuieleza nyumba yenyewe.

Iko Kent, kusini-mashariki mwa hapa tulipo, jirani na mji wa Sevenoaks. Inaitwa Ightham Mote. Mkifika msije mkalitamka jina kama lilivyoandikwa. Wenyeji husema "Aitam". Ukiwa barabarani huioni. Unateremka bondeni kati ya miti, njia inapinda, halafu ghafla kuta zinachomoza moja kwa moja kutoka majini, bila uwanja wala ngazi, kana kwamba mtu kaishusha nyumba juu ya kidimbwi akaiacha hapo.

Mimi ni mtoto wa seremala. Baba yangu alitufundisha kwamba ukiingia nyumba ya mtu, msalimie mwenyewe kwanza, kisha uangalie juu, kwa sababu paa ndilo linalosema kweli juu ya fundi. Ukuta unaweza kupigwa lipu na rangi ukaficha mengi. Siku ya kwanza nilipoingia ukumbi wa Ightham Mote niliangalia juu, na sikuteremsha macho mpaka shingo ikauma. Ndiyo sababu nimesimama hapa leo.

Tuanze na aina ya nyumba. Tukisikia jumba la kale la Kiingereza, wengi wetu tunafikiria kasri la mfalme. Hili halikuwa kasri. Lilikuwa jumba la kimwinyi: makao ya mtu mwenye ardhi, mwenye mashamba, mwenye wakulima waliomlimia na kumlipa kodi. Katika ukumbi wa jumba kama hili ndipo kodi ilipopokelewa, ndipo kesi ndogondogo za shamba zilipoamuliwa, na ndipo watu wa nyumba walipokula pamoja, bwana na mkewe upande wa juu, watumishi upande wa mlango. Hata jina lake limebeba mambo hayo. Wapo wanaosema "Mote" latokana na handaki la maji linaloizunguka nyumba. Wapo wanaosema latokana na neno la kale la Kiingereza lenye maana ya baraza, mahali watu wanapokutana kuamua mambo. Mimi napenda hilo la baraza, ingawa ukiyaona yale maji utaelewa kwa nini wengi wanashikilia la kwanza.

Na hayo maji yasiwadanganye. Mtu akiona handaki anafikiria vita. Lakini nyumba iko chini bondeni, na adui akisimama mlimani juu yake angeweza kuirushia chochote apendacho. Kwa maoni yangu maji haya yalikuwa ya heshima kuliko ya ulinzi: kijito cha bonde kimezuiwa, kikaongozwa, kikazungushwa, ili kila apitaye ajue kwamba hapa anakaa mtu mwenye uwezo. Hata hivyo mwenye nyumba hakuwa mzembe. Mkifika kwenye lango la magharibi, tazameni ukutani pembeni mwa mlango. Kuna mwanya mwembamba, uliokatwa kwa pembe. Hapo bawabu alimhoji mgeni na kupokea barua yake kabla ya kufungua.

Sehemu za zamani kabisa zilijengwa karibu na mwaka 1320: ukumbi mkuu, vyumba vya faragha vya bwana ghorofani, kikanisa cha kwanza, na chini yake chumba cha mawe chenye dari la tao. Hizo zote ziko upande wa mashariki. Kisha, kwa muda wa miaka kama mia mbili, waliofuata wakaongeza upande mmoja, wakaongeza wa pili, wakajenga mnara wa lango, mpaka nyumba ikafunga pande zote nne na kuacha ua katikati. Leo ina vyumba zaidi ya 70. Chini ni jiwe gumu la kijivu linalochimbwa Kent hukohuko. Juu, sehemu nyingi ni fremu za mti wa mwaloni zilizojazwa lipu katikati.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwenye mti, maana hapa ndipo penye moyo wangu.

Sisi tuliokulia Pwani tunajua kwamba upana wa chumba unaamuliwa na boriti. Nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar zina vyumba virefu na vyembamba kwa kuwa mkoko haukupi zaidi ya urefu wake, na fundi hawezi kubishana na mti. Mwaloni nao una tabia zake. Ukikauka unakuwa mgumu kama chuma, patasi inalia tu. Kwa hiyo maseremala wa Kiingereza wa zama zile waliukata na kuutumia ungali mbichi. Walichonga ulimi kwenye mbao hii na tundu kwenye mbao ile, wakaingiza, wakatoboa, wakapigilia vigingi vya mwaloni mkavu. Msumari wa chuma hawakuuhitaji. Miaka ilivyokwenda mbao zikakauka zikiwa tayari zimeshikana. Zikajikunja, zikajivuta, na kila zilipojivuta viungo vikazidi kubana. Kwa hiyo Jumamosi mkiona nguzo imepinda na sakafu imeinama, msidhani fundi alikosea kipimo. Huo ni mti uliojikaza wenyewe ukiwa kazini.

Na mti una kumbukumbu. Kila mwaka unaongeza pete moja. Mwaka wa mvua nzuri pete nene, mwaka wa ukame pete nyembamba. Mtaalamu akitoboa kijitundu kwenye boriti na kutoa kipande, anaweza kuzilinganisha pete zake na za miti mingine ya nchi hiyo na kujua mti ulikatwa lini. Kwa kuwa mwaloni ulitumika mbichi, mwaka wa kukatwa uko karibu sana na mwaka wa kujengwa. Njia hiyo imetumika hapa, ndiyo maana tunazungumza juu ya karne ya 14 bila kubahatisha. Boriti zenyewe ndizo zilizotoa ushahidi.

Mkiingia ukumbi mkuu basi, fanyeni kama alivyosema baba yangu. Paa limebebwa na matao: la katikati ni la jiwe, na mengine ni ya mti. Fundi aliyachonga ili mti na jiwe vifuate mpindo mmoja, jicho lisishtuke linapotoka hapa kwenda pale. Kisha fuateni tao mpaka linapokutana na ukuta. Hapo chini mtakuta vijisanamu vya watu waliochuchumaa, mabega yamekunjamana, nyuso zimekazana, wamebeba uzito wote wa paa. Nimewatazama mara nyingi. Bwana wa nyumba ana kaburi lake na jina lake. Mmoja wa wamiliki wa mwanzo, Sir Thomas Cawne, amelala kanisani kijijini Ightham akiwa jiwe, na mavazi yake ya vita. Mafundi hawana kaburi tunaloweza kulionyesha. Wana hawa waliochuchumaa tu, na kila ninapowaona ninahisi kwamba mchongaji aliwachonga wenzake.

Tutoke ukumbini tuingie kikanisa cha pili, kile cha juu, ambacho wenyewe bado wanakiita kipya ingawa kina umri wa karibu miaka 500.

Mwaka 1521 nyumba ilinunuliwa na Richard Clement, mtumishi wa ikulu ya Mfalme Henry VIII, kwa pauni 400. Alikuwa mtu anayepanda ngazi, na alitaka kila mgeni ajue anamtumikia nani. Akajaza nyumba nembo za mfalme na za malkia, kwenye vioo vya rangi, kwenye mbao za ukingo wa paa, na zaidi ya yote kwenye dari la kikanisa. Dari hilo ni la mbao, limepinda kama pipa lililolazwa, na limechorwa lote: waridi la Tudor, ukoo wa Mfalme Henry, ngome ya Castile, ufalme wa Hispania, mishale, na komamanga, nembo ya Malkia Catherine wa Aragon, binti wa Hispania. Rangi zimefifia sasa, nyekundu imekuwa kama kutu, kijani kimekaribia kijivu. Lakini makomamanga bado unayaona.

Fikirini maana yake. Mwaka 1533 ndoa ya Henry na Catherine ilibatilishwa. Mfalme akaoa mwingine, na mwingine, na mwingine. Mtumishi wa ikulu mwenye makomamanga ya malkia aliyefukuzwa juu ya kichwa chake angeweza kuogopa. Ndoo moja ya chokaa na siku mbili za kazi zingetosha. Hayakufutwa. Clement hakuyafuta, na wote waliokuja baada yake, katika nchi iliyobadili dini ya serikali zaidi ya mara moja, hawakuyafuta pia. Kama ilikuwa uaminifu, au ubahili, au kwamba hakuna aliyetaka kupanda jukwaa, makomamanga yapo. Jumamosi nitawaomba tukae humo kimya dakika chache tuyaangalie.

Ukoo wa Selby uliinunua mwaka 1591 ukakaa nayo karibu karne tatu. Wao sitawaeleza sana, ila Dame Dorothy Selby lazima nimtaje, kwa sababu kiongozi wa msafara yeyote atawapa hadithi yake na mtarudi na baridi mwilini. Inasimuliwa kwamba yeye ndiye aliyefichua njama ya mwaka 1605, ile ya kulipua Bunge kwa baruti, na kwamba marafiki wa wale wala njama walilipiza kisasi kwa kumfungia ndani ya ukuta akiwa hai. Inaongezwa kwamba mwaka 1872 mifupa ya mwanamke ilikutwa ukutani. Hadithi tamu. Lakini Dame Dorothy alifariki mwaka 1641, miaka 36 baada ya njama yenyewe, na ana ukumbusho wake katika kanisa la kijiji. Ukumbusho huo unamsifu kwa kudarizi. Alikuwa bingwa wa sindano, na moja ya kazi zake ilionyesha njama hiyo ya baruti. Maandishi ya sifa yanasema usanii wake uliifichua njama. Waliokuja baadaye wakasoma "uliifichua" wakasahau "usanii", na fundi wa sindano wakamgeuza mzimu. Mimi nadhani alistahili kukumbukwa kwa mkono wake.

Sebuleni, kwenye chumba kikubwa cha kupokelea wageni, mtaona meko yaliyonakshiwa ya wakati wa Selby, na ukutani karatasi ya Kichina iliyochorwa kwa mkono, ndege na maua, iliyoletwa kwa meli wakati Waingereza matajiri walipokuwa na shauku kubwa ya vitu vya Uchina. Ndani ya jumba la mwaloni wa Kent kuna bustani ya Uchina ukutani, na vinakaa pamoja bila kugombana.

Mwaka 1887 jumba lilikodishwa kwa Jenerali William Jackson Palmer, Mmarekani wa reli, aliyeanzisha mji wa Colorado Springs. Mkewe na mabinti zao watatu walikaa hapa, wakawakaribisha waandishi na wasanii. Mchoraji John Singer Sargent alichora picha ya wageni wakicheza kwa kuviringisha mipira kwenye majani mbele ya nyumba. Mwaka 1889 likanunuliwa na Thomas Colyer-Fergusson, ambaye aliweka mabomba ya kupasha joto na bafu, akarekebisha palipolegea, na baadaye akawafungulia watu wa kawaida mlango waingie kutazama mchana mmoja kwa wiki. Yeye pia ndiye mwenye kibanda cha mbwa kilichoko uani. Watoto watakipenda. Alijenga kibanda hicho kwa ajili ya Dido, mbwa wake wa aina ya Saint Bernard, na kwa kuwa sheria ya kulinda majengo imelitia jumba lote daraja la kwanza, kibanda nacho kimo katika daraja hilohilo pamoja na makanisa makuu ya Uingereza.

Mtoto wake, Thomas Riversdale, aliuawa vitani Ubelgiji tarehe 31 Julai 1917, akiwa na miaka 21. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, akiwa marehemu.

Mzee Colyer-Fergusson alifariki mwaka 1951, na hapa ndipo nyumba ilipokaribia kufa. Kodi za urithi baada ya vita zilikuwa nzito, na majumba ya namna hii yalikuwa yakibomolewa kote Uingereza. Vyombo vilipigwa mnada. Kulikuwa na mazungumzo ya kuligawa jumba liwe nyumba za kupanga, na hata ya kulibomoa, kwa kuwa risasi, ile metali nzito iliyoezekwa juu ya paa, ilikuwa na thamani sokoni. Hebu sikieni hayo: miaka 600 ya kazi ya mikono, na mtu anapima kilo za risasi.

Wanaume watatu wa maeneo hayo, ambao hawakuwa mamwinyi, walichanga fedha wakainunua. Walijua hawana uwezo wa kuitunza. Walitaka tu isibomolewe mpaka apatikane mwenye uwezo. Wakashikilia, wakangoja. Mwaka 1953 akapatikana Charles Henry Robinson, mfanyabiashara wa Portland, Maine, Marekani, aliyeiona nyumba hii ujanani alipokuwa akitembea Kent kwa baiskeli, na hakuisahau. Inasimuliwa kwamba baada ya kuahidi kununua aliingiwa na hofu, akaandika barua ya kujitoa akiwa melini kurudi kwao, lakini hakuwa na stempu ya kuituma. Na kabla hajapata stempu moyo ukageuka. Alikaa hapa sehemu tu ya kila mwaka, akaijaza samani upya, akaiziba palipovuja, kisha akaamua kwamba akifa iwe mali ya National Trust, shirika linalotunza majengo na ardhi kwa ajili ya watu wote. Alifariki mwaka 1985. Majivu yake yamewekwa ndani ya ukuta wa nyumba hiyohiyo.

National Trust walipoikagua walikuta maradhi makubwa. Wadudu watoboao mbao wamekula boriti, maji yameingia kwenye viungo, kuta zimesukumwa nje. Kazi ilianza mwaka 1989 ikaisha 2004, ikagharimu zaidi ya pauni milioni 10. Miaka 15! Na si kwamba walikuwa wavivu. Walifungua nyumba sehemu baada ya sehemu, wakaandika kila mbao ilikotoka, wakaitibu, wakairudisha palepale. Boriti iliyooza ncha tu haikutupwa; ncha ilikatwa, kikaungwa kipande kipya cha mwaloni kwa kiungo kilekile cha kale. Lipu ikawa ya chokaa, kwa sababu chokaa hupumua na kutoa unyevu, wakati saruji huufungia unyevu ndani na mti ukaoza kimyakimya.

Kuhusu hilo nina uchungu wangu. Baba yangu aliwahi kuitwa na mwenye nyumba mmoja, nyumba ya zamani yenye mlango wa nakshi. Fremu ilikuwa imeoza chini, pengine urefu wa shibiri moja. Baba akasema nipe siku nne nitaunga. Mwenye nyumba akasema ng'oa wote, weka wa alumini. Baba aling'oa, kwa kuwa tulihitaji ada ya shule, na usiku ule hakula. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Niliposimama Ightham Mote mbele ya boriti iliyoungwa, ya zamani nyeusi na mpya bado ina rangi ya asali, niliweka kidole kwenye mstari wa kiungo na nikamkumbuka. Shibiri moja. Hapa waliunga.

Kwa hiyo Jumamosi msiniulize mbona nyumba ina mitindo mingi, mbona madirisha hayalingani, mbona ghorofani inabidi kuinamisha kichwa. Tafuteni maungo. Tafuteni palipo jiwe la karne ya 14 na mti wa karne ya 15 juu yake, palipo komamanga la malkia, ndege wa Uchina, bomba la Colyer-Fergusson. Na kwenye dari, tafuteni zile ncha za rangi ya asali. Mtoto wa kwanza atakayeniletea hesabu ya alizoziona, chakula cha mchana ni juu yangu.

Basi litaondoka saa mbili kamili asubuhi. Vaeni viatu vya kutembea, mama zetu chukueni shali maana bondeni kuna baridi. Sasa naona kaka pale nyuma ameinua mkono tangu tulipokuwa kwa Dame Dorothy. Karibu, uliza.